Tarehe za Kihispania Zinapopotoka kwa Kiingereza: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Hati ya Kihispania inapoletwa Nairobi ili ifasiriwe kwa Kiingereza, iwe ni cheti cha ndoa iliyofungwa Madrid, shahada ya daktari aliyesomea Havana au wosia ulioandikwa Malabo, sehemu ambayo msomaji wa mwisho huikagua kabla ya nyingine ni tarehe. Karani wa ubalozi, afisa wa usajili katika Sheria House na wakili anayeelekea mahakama ya Milimani huenda hawajui neno hata moja la Kihispania, lakini wote wanaweza kulinganisha tarehe iliyo kwenye tafsiri na ile iliyo kwenye pasipoti, na zikipishana hata kwa siku moja faili hurudishwa. Ugumu unatokana na desturi ya makarani na manotari wa nchi za Kihispania ya kuandika tarehe yote kwa maneno, mwaka ukiwemo, kiasi kwamba mfasiri hana tarakimu ya kumwongoza.

Kosa la tarehe huzaliwa katika hatua moja kati ya mbili: ama wakati wa kusoma Kihispania, ama wakati wa kuandika Kiingereza. Dalili huweza kufanana, ila tiba ni tofauti, na mfasiri anayefanya kazi zote mbili kwa pamoja, jicho likiwa kwenye hati na vidole vikiwa kwenye kibodi, hana namna ya kujua alipopotea. Kwa hiyo, kabla ya kuandika neno lolote la Kiingereza, andika tarehe pambizoni kwa tarakimu, ukianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 1986-07-14. Malalamiko yakija baadaye, tazama pambizo hiyo. Tarakimu zikiwa si sahihi, ulikosea kusoma. Zikiwa sahihi na Kiingereza kikawa kibaya, ulikosea kuandika. Maelezo yafuatayo yanaichukulia hatua hiyo kuwa imekwisha kufanywa.

Umri unapishana kwa miaka kumi kamili

Hii ndiyo dalili mbaya kuliko zote, kwa kuwa tafsiri yenyewe husomeka vizuri na hakuna kinachomgutusha msomaji mpaka hati nyingine iwekwe kando yake. Chanzo ni herufi moja tu. Sitini kwa Kihispania ni “sesenta” na sabini ni “setenta”, na katika mwandiko wa haraka wa karani, s iliyorefushwa na t ambayo haikukatwa vyema hufanana kama pacha. Mia sita, “seiscientos”, na mia saba, “setecientos”, zina hatari iyo hiyo, ingawa hizo huwasumbua zaidi wanaofasiri kumbukumbu za kale. Upande wa siku, angalia “dos” na “doce”, yaani mbili na kumi na mbili, pamoja na “tres” na “trece”, yaani tatu na kumi na tatu.

Usikisie. Tafuta kwanza mahali pengine kwenye ukurasa huo huo ambapo karani ameandika s na t katikati ya neno lisilo na utata, kwa mfano “presente” au “testigo”, ulinganishe mkono wake. Pili, na hili ndilo jaribio linalotegemeka zaidi, tazama kama siku ya wiki imetajwa. Chukua mfano wa hati inayosema “jueves, dos de abril de mil novecientos se…enta y cuatro”, herufi ya katikati ikiwa imefunikwa na mhuri. “Jueves” ni Alhamisi. Kalenda ya simu ikirudishwa nyuma itaonyesha kwamba tarehe 2 Aprili 1964 iliangukia Alhamisi, ilhali tarehe 2 Aprili 1974 ilikuwa Jumanne. Neno ni “sesenta”, na shauri limekwisha. Jaribio hili halina bahati ndani yake: katika kipindi cha miaka kumi, tarehe moja husogea mbele kwa siku moja kila mwaka na siku moja zaidi kwa kila mwaka mrefu, kwa hiyo kwa kawaida husogea siku 12 au 13, na hesabu hizo hazigawanyiki kwa saba. Haiwezekani tarehe hizo mbili ziangukie siku moja ya wiki.

Kama siku ya wiki haikutajwa, tumia tarehe nyingine zilizomo ndani ya hati, kama vile umri wa wazazi uliotangazwa siku ya usajili. Na kama hata hizo hazisaidii, andika unachokiona na uweke maelezo ya mfasiri ndani ya mabano ya mraba kwamba neno halisomeki. Mteja atanung’unika, lakini manung’uniko yake ni afadhali kuliko kiapo chako juu ya jambo usilolijua.

Mwezi umehama

Vyanzo hapa ni vingi, na vinavyojulikana sana nitavipitia kwa haraka. “Junio” ni Juni na “julio” ni Julai, na n iliyobanwa hufanana na l fupi. Jaribio la siku ya wiki linatosha, maana miezi hiyo imetenganishwa na siku 30, hivyo tarehe ileile husogea siku mbili. Tarehe 14 Julai 1986 ilikuwa Jumatatu, na tarehe 14 Juni mwaka huo huo ilikuwa Jumamosi. Vifupisho vya mihuri navyo hupotosha: ENE ni Januari, ABR ni Aprili, AGO ni Agosti, DIC ni Desemba. Nambari za Kirumi hutumiwa pia kwa miezi, kama 14-VII-1982, na anayesoma upesi huchanganya IV na VI.

Tarakimu tupu kama 03/04/1985 hazimsumbui mtu wa Nairobi, kwa sababu Kenya na Uhispania zote hutanguliza siku. Tatizo huanza pale tafsiri inapokwenda Marekani, ambako mwezi ndio hutangulia, na tarehe 3 Aprili ikasomwa kuwa tarehe 4 Machi. Andika jina la mwezi kwa herufi, “3 April 1985”, na hakuna msomaji yeyote atakayepotea. Hati iliyotolewa Puerto Rico ichunguzwe kwa makini zaidi, kwa sababu huko huenda ukakuta mpangilio wowote kati ya hiyo miwili.

Chanzo kinachomnasa Mswahili hasa ni “septiembre”, yaani Septemba. Sisi tumezoea kuhesabu miezi, mwezi wa saba, mwezi wa tisa, na “setiembre”, tahajia inayopendwa katika nchi kama Peru na Uruguay, inakaa karibu mno na “siete”, ambayo ni saba. Akili huruka hadi Julai kabla ya jicho kumaliza kusoma. Hali huwa mbaya zaidi katika vyeti vya zamani vya ubatizo, ambamo mapadri walifupisha majina ya miezi kwa tarakimu: “7bre” ni Septemba, “8bre” ni Oktoba, “9bre” ni Novemba, na “10bre” au “Xbre” ni Desemba. Nambari hizo zinatokana na kalenda ya kale ya Roma, iliyoanza na mwezi wa Machi, na hazina uhusiano na hesabu yetu. Ukiona cheti cha ubatizo ambacho kwa tafsiri yako kinaonyesha mtoto alibatizwa miezi miwili kabla ya kuzaliwa, anza kutafuta hapo.

Kiingereza kimenyooka kisarufi lakini hakisikiki kuwa Kiingereza

Sasa tumeingia upande wa kuandika. Pambizo inasema 1987, na tafsiri inasema “one thousand nine hundred eighty and seven”, au “thousand nine hundred eighty-seven”. Msomaji anaelewa, lakini anapoteza imani na hati nzima.

Ili kuona kinachotokea, weka lugha tatu sambamba. Kihispania husema “mil novecientos ochenta y siete”. Kiswahili husema elfu moja mia tisa themanini na saba. Kiingereza cha hati rasmi husema “one thousand nine hundred and eighty-seven”. Tazama kiunganishi kilipo. Katika Kihispania “y” inasimama baina ya makumi na mamoja tu, na katika Kiswahili “na” inasimama papo hapo. Katika Kiingereza “and” inasimama baada ya mamia, na baina ya makumi na mamoja panawekwa kistari kifupi. Mfasiri wa Nairobi ana lugha mbili zinazomvuta upande mmoja na moja tu inayomvuta upande wa pili, na ndiyo sababu kosa hili hurudi hata kwa watu wenye ujuzi. Tofauti nyingine ni kwamba Kihispania husema “mil” peke yake, bila moja mbele yake, ilhali Kiingereza hakikubali “thousand” iliyo uchi.

Kuhusu namna ya kuutaja mwaka, chaguo ni tatu. “Nineteen eighty-seven” ni ya mazungumzo na ya maandishi ya kawaida. “Nineteen hundred and eighty-seven” inakubalika, ila ina harufu ya kadi ya harusi. “One thousand nine hundred and eighty-seven” ndiyo ya mikataba, wosia na hati za usajili, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa pale ambapo Kihispania chenyewe kimeandika mwaka kwa maneno, kwa sababu hulinda uzito wa hati asilia na huweza kukaguliwa neno kwa neno. Kwa miaka ya baada ya 1999, andika “two thousand and four” kwa msomaji wa Kenya au Uingereza, na “two thousand four” kwa msomaji wa Marekani. Ukiamua kuiacha “and” kwa ajili ya Marekani, iache katika hati yote. Hati yenye mitindo miwili huonekana kana kwamba imefasiriwa na watu wawili.

Kinyume chake, kama Kihispania kimeandika mwaka kwa tarakimu, usiugeuze kuwa maneno ili tu kupendezesha. Tarakimu zibaki tarakimu. Jambo moja la kurekebisha ni nukta: hati za zamani huandika 1.985, kwa kuwa nukta katika nchi nyingi za Kihispania hutenganisha maelfu, lakini msomaji wa Kiingereza ataiona kuwa desimali. Iondoe.

Siku imeandikwa kama idadi

Dalili yake ni sentensi kama “at the twenty-one days of the month of May”. Kihispania cha manotari hupenda “a los veintiún días del mes de mayo”, na siku hizo zinahesabiwa kwa nambari za idadi. Kiingereza hutaka nambari ya mpangilio: “on the twenty-first day of May”. Wanaofanya kazi na mawakili wa Nairobi wanao mfano mikononi kila siku, kwa sababu hati za kiapo za hapa hufungwa kwa maneno “Sworn at Nairobi this … day of …”, na nafasi hiyo hujazwa kwa “21st” au “twenty-first”. Siku ya kwanza ya mwezi pekee ndiyo inayoandikwa kwa mpangilio katika Kihispania, “primero de mayo”, na hata hiyo Uhispania huandikwa “uno de mayo” mara nyingi. Zote mbili ni “the first of May”. Majina ya miezi, ambayo Kihispania huyaandika kwa herufi ndogo, yapewe herufi kubwa.

Mwaka haupo, au upo mwaka wa ajabu

Tarehe isiyo na mwaka kwa kawaida si kosa la karani. Maneno kama “del corriente año”, “del mismo año” na “del año en curso” humrudisha msomaji kwenye tarehe iliyokwisha kutajwa juu. Fasiri kama yalivyo, “of the current year” au “of the same year”, wala usiingize mwaka ambao karani hakuuandika. Ukiona utata utamdhuru mteja, uweke mwaka ndani ya mabano ya mraba kama maelezo yako.

Mwaka wa ajabu una historia ndefu zaidi. Mwaka wa 2018 madaktari wapatao 100 kutoka Kuba walikuja kufanya kazi katika kaunti za Kenya, na hati rasmi za Kuba za wakati huo, baada ya tarehe ya kawaida, huongeza maneno “Año 60 de la Revolución”. Anayefasiri kwa haraka huweza kuandika 1960. Hesabu hiyo huanzia 1959, mwaka wa mapinduzi ya Fidel Castro, kwa hiyo mwaka wa 60 ni 2018. Miaka ya awali ilipewa majina bila nambari: 1961 uliitwa mwaka wa elimu, na 1970 mwaka wa milioni kumi, kwa ajili ya tani za sukari zilizolengwa katika mavuno ya miwa. Peru nayo huipa kila mwaka jina rasmi linalochapishwa juu ya barua za serikali. Venezuela huhesabu miaka ya uhuru kuanzia 1810 na ya shirikisho kuanzia 1859, na kuziweka hesabu zote mbili chini ya tarehe. Hati za upande wa Jenerali Franco wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Uhispania huandika “Segundo Año Triunfal”, yaani mwaka wa pili wa ushindi.

Tiba kwa zote ni moja: fasiri maneno hayo kikamilifu, “Year 60 of the Revolution”, usiyageuze kuwa mwaka wa kawaida, na usiyaache kwa kuyaona siasa. Idara ya uhamiaji ya Marekani, kwa mfano, hutaka mfasiri athibitishe kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na tafsiri iliyoachwa mstari haijakamilika.

Maneno na tarakimu vinapingana

Hati inasema “veintitrés (25) de marzo”. Kwenye cheki, benki hufuata kiasi kilichoandikwa kwa maneno, na mazoea hayo huwashawishi wengi kurekebisha tarakimu kimyakimya. Mfasiri si benki wala si hakimu. Andika “twenty-third (25)” vilevile, kisha ongeza kwa mabano ya mraba kwamba ndivyo ilivyo katika hati asilia. Kabla ya kufanya hivyo, hakikisha tu kwamba tofauti haikutokana na macho yako: moja ya Kihispania ina mkia mrefu juu unaoifanya ionekane kama saba ya shule za Kenya, na saba yao hukatwa kwa mstari katikati.

Saa imebadilisha siku

Vyeti vingi vya kuzaliwa hutaja saa, na hapa Mswahili ana mtego wake binafsi. “A las siete horas” ni saa moja asubuhi kwa saa zetu, na “a las trece horas” ni saa saba mchana. Ikiwa mmoja anasoma kwa sauti na mwingine anachapa, kama ilivyo desturi katika ofisi nyingi za uchapaji za River Road, soma kwa Kiingereza tu, “seven in the morning”, maana ukitamka saba na mwenzako akaelewa saa saba, mtoto atakuwa amezaliwa mchana au usiku wa manane.

“Madrugada” ni kipindi cha kutoka saa sita usiku hadi alfajiri, na “la madrugada del martes” ni ya Jumanne yenyewe. Usiku wa kuamkia Jumanne ni mpana zaidi, kwa sababu unaanza jioni ya Jumatatu, na anayepitia Kiswahili kichwani huishia kuandika “Monday night”. Andika “in the early hours of Tuesday”. Usiku wa manane wenyewe nao huandikwa kwa njia mbili: “las veinticuatro horas del día cinco” na “las cero horas del día seis” ni wakati mmoja. Hifadhi namna iliyotumiwa, wala usiandike “midnight on the 5th”, ambayo haisemi ni usiku upi.

Muda umezidi kwa siku moja

Katika barua za kawaida “quince días” ni wiki mbili na “ocho días” ni wiki moja, kwa sababu Kihispania huhesabu siku ya kuanzia pamoja na ya kumalizia. Barua ya mjomba iliyoandikwa “dentro de quince días” ifasiriwe “in two weeks”. Lakini mkataba au amri ya mahakama inayotoa “quince días” imetoa siku 15, na mfasiri anayeandika wiki mbili amempunguzia mtu siku moja ya kukata rufaa. Aina ya hati ndiyo inayoamua, wala si kamusi.

Msomaji anachukua tarehe isiyo yake

Wakati mwingine tarehe zote ziko sawa na bado faili hurudi, kwa kuwa karani alinakili tarehe ya tafsiri akidhani ni tarehe ya hati. Chanzo ni mpangilio wa ukurasa. Uthibitisho wa mfasiri ukiwekwa mara tu chini ya saini ya notari iliyofasiriwa, tarehe mbili zilizoandikwa kwa mtindo mmoja wa maneno hukaa zikifuatana, na inayosomwa ni ya mwisho. Uweke uthibitisho wako kwenye ukurasa wake, andika tarehe yako kwa tarakimu pamoja na jina la mwezi, “14 March 2024”, na uitaje Nairobi kuwa mahali pa kutia saini, ili itofautiane wazi na tarehe ya maneno ya hati asilia.